Waliandika Mama Zetu Hawajulikani

Kwa Sifa, mudogo wangu wa baba mumoja, ku Wamaza.

Sifa, letre hii ikukute umesimama na miguu yako miwili, na nguvu ya kubishana ikiwa bado iko. Kama imekukuta unatwanga, weka mutwangio pembeni, nawa mikono, ukae. Ni ndefu. Mugongo wako namna gani? Mupunga wa bondeni umeiva, ama ndege waliwatangulia tena? Na mama yako, magoti yake inamuruhusu kutoka inje asubuhi? Habari ya mama yako nitairudilia huko chini, usiiruke.

Mimi niko muzima. Baridi ya huku Ubelgiji inapita mu dirisha iliyofungwa, sijui inapitia wapi, lakini mwanangu Neema amenivalisha makoti mpaka nimekuwa kama sanduku ya nguo. Mutoto wake, yule niliyekuja kumulea, ana miezi saba na anakaa peke yake bila mutu kumushika. Siku tulimupeleka kumupima, muganga aliita mwenzake akuje aone mapaja yake. Nilitengeneza tu kitambaa yangu ya kichwa, wajue alikotoka.

Najua unavyosema sasa. Unasema: Yaya Zawadi, dada mukubwa, aliyepita Wamaza ku pikipiki mwaka uliopita bila kushuka mbele ya mulango wetu, leo anatuandikia makaratasi. Uko na haki ya kusema. Lakini sikutaka kukuambia kwa simu. Ujumbe wa sauti ukifika Wamaza unasikilizwa kwanza na lupango nzima, nyumba zote za uwanja, mwenyewe anausikia wa mwisho. Na tena jambo lenyewe linanichoma. Nikilisema kwa mudomo ninapiga kelele na mutoto anaanza kulia. Kwa kalamu ninaweza kukasirika polepole.

Kwanza uelewe kazi ya Neema, juu nasikia huko wanasema anapanga vitabu. Neema anafanya kazi mu maktaba ya muziki ya universite. Vitabu viko, ndiyo, lakini chumba chake yeye ni cha kanda za video. Zamani hawa wazungu walitembea na kamera mu dunia nzima, wakachukua ngoma za watu, ndoa za watu, vilio vya watu, wakarudi nazo, wakazitia mu masanduku, wakazisahau. Sasa kanda zinaota ukungu. Mwanangu anazitoa moja-moja, anavaa glovu nyeupe kama mutu wa kupasua wagonjwa, anapanguza, anaingiza mu masini ya zamani iliyobakia moja tu mu jengo lile lote, na ile masini inazihamisha mu ordinatere, kompyuta yao. Halafu anaangalia kanda yote na anaiandikia fishi: nani anaimba, wapi, lugha gani, wanapiga nini, wanafanya nini. Kanda isiyo na fishi haina njia. Hata ikiwa nzuri namna gani, hakuna mutu atakayejua kuiomba.

Nimeona hiyo kazi na macho yangu. Mukubwa wao ni bwana mumoja murefu, anatembea ameinama kidogo kama mutu aliyewahi kugonga kichwa mu kila mulango wa nchi. Huyo bwana akishindwa kitu anakuja mwenyewe ku meza ya Neema. Anauliza pole-pole. Mwanangu anajibu akiwa amekaa. Nilimuzaa Kasongo, Sifa, nyuma ya soko, mvua ikinyesha, na leo mukubwa wa wazungu anasimama na yeye anakaa. Uwasomee na wale waliosema musichana hafai kusomeshwa mbali.

Sasa siku moja Neema anarudi kazini, hata viatu hajavua, ananiambia:

«Mama, kuna kanda imeandikwa Wamaza.»

«Wamaza gani?»

«Kwani ziko ngapi?»

Sikulala vizuri. Kesho yake nikavaa libaya yangu ya Noeli, nikafunga mutoto mugongoni, tukaenda. Wakanipa kiti chenye magurudumu kinachotaka kukimbia na mutu. Neema akabonyeza.

Ilikuwa dakika nne tu. Picha yenyewe imefifia, ina mistari kama mvua, rangi zimekimbia. Lakini ni kwetu. Niliona ule ukuta wa jikoni ya baba uliokuwa na tundu mbili, niliona njia ya kushuka mutoni. Wanawake sita wamekaa na lungo mukononi, wanapepeta mupunga, pumba zinaruka, na wanaimba ule wimbo wa kupepetea, ule tulioimba tukiwa watoto na lungo ndogo za mchanga. Mumoja amesimama mbele, anaimbisha. Ametupa mugongo, uso wake hauonekani. Lakini sauti, Sifa. Ile sauti inaanza chini kama mutu anayekuambia siri, halafu inapanda na kukuacha pale ulipo.

Na huyo muimbishaji alivaa kikwembe, kitenge ya majani ya kijani na ndege za manjano. Rangi zingine zote zimekufa mu hiyo kanda, lakini zile ndege ziko. Hiyo kikwembe ninaijua kuliko mukono wangu. Niliichagua mimi mwenyewe ku soko ya Kasongo mwaka wa kwanza wa ndoa yangu, nikaituma Wamaza kwa mama. Ilikuwa zawadi yangu ya kwanza ya mwanamuke mwenye nyumba yake. Hakukuwa na ingine kama hiyo Wamaza yote, niliulizia makusudi mbele ya kuinunua.

Nikasema: huyo ni mama yangu.

Unajua nyumba yetu ilichomwa wakati wa vita na kila kitu ndani. Sina foto hata moja ya mama. Neema hajapata kumuona nyanya yake, hata ku karatasi. Na pale mama alikuwa amesimama, anaimba, mugongo wake tu, na mimi nilikuwa nimevaa soksi mbili mu nchi ya watu. Nililia. Mutoto akalia juu ninalia. Mukubwa wa Neema akaleta maji, na hata maji yenyewe ilikuwa ya kuwasha ulimi.

Halafu nikamuuliza Neema: «Fishi yake inasema nini?»

Neema akaanza kuvua glovu zake. Nikajua.

Si yeye aliyeiandika. Iliandikwa zamani, kabla yake, na mutu aliyekwisha kwenda pensheni. Alinisomea: Wimbo wa matambiko, pengine wa kuita mvua; majivu yanarushwa hewani. Kongo ya mashariki, karibu na ziwa. Lugha haijahakikishwa. Waimbaji: wanawake wasiojulikana. Na chini, jina la bwana aliyeshika kamera, nzima, na cheo chake, na jina la mutu aliyemupeleka, na hata namba ya masini yenyewe. Kamera ina jina, Sifa. Mama yangu hana.

«Majivu iko wapi?» nikauliza.

«Wanasema hiyo inayoruka, Mama.»

«Hiyo ni pumba.»

«Ninajua ni pumba.»

«Na ziwa? Wamaza kuna ziwa gani?»

«Mama, usinikasirikie mimi.»

Nikamwambia amuite yule bwana. Akakuja, akainama. Nikaomba lungo. Hakuna lungo mu universite nzima, na wanajiita wenye elimu. Basi nikachukua sinia yake ya kahawa, nikaondoa vikombe. Wana kamasini ka kutoboa karatasi, na mu tumbo yake kunajaa vile viduara vyeupe. Nikavimwaga vyote mu sinia, nikasimama katikati ya biro, chumba chao cha kazi, na mutoto mugongoni, nikapepeta na nikaimba. Vile viduara vikaruka, vikamukaa ku miwani na mu ndevu.

«Mwambie», nikamwambia Neema, «amuulize mvua imenyesha?»

Neema alikuwa anauma midomo yake asicheke. Yule bwana akapangusa miwani na akasema, kwa adabu, lazima niseme ukweli, kwamba amesadiki: ni mupunga. Wakafuta mvua, wakafuta majivu, wakafuta ziwa. Wakaandika Kibangubangu na Kiswahili, wimbo wa kupepeta, Wamaza, mu Kabambare. Nikasema: sasa andika jina. Muimbishaji ni Mwavita, mama ya Zawadi, nyanya ya huyu unayemulipa mushahara.

Hapo ndipo akakataa. Neema alitafsiri macho yake ikiwa chini: «Anasema sheria ya fishi haikubali jina bila ushahidi. Uso hauonekani.»

Ushahidi. Sifa, mimi nilitoka mu tumbo la ule mwanamuke. Nimebebwa ku ule mugongo. Mutu anataka uso kwa sababu gani? Mutoto anamujua mama yake kwa mugongo kabla ya kumujua kwa uso, muulize mutoto yeyote anayefungwa mugongoni. Na nikamwambia habari ya kikwembe, namna nilivyoichagua, na ndege zenyewe. Aliandika yote mu kadaftari. Lakini jina, hapana. Na kuna jambo lingine: kabla ya Pasaka kanda zote za sanduku lile zinafunguliwa, mutu wa nchi yoyote ataweza kuziona ku simu yake, na fishi zitafungwa. Ikifungwa na «wasiojulikana», imefungwa nayo.

Nilirudi nyumbani nimejaa mpaka hapa. Neema akapika, sikukula. Ndipo akaniambia kitu ambacho alikuwa ananificha. Kanda ilikuwa ya dakika arobaini. Wale wa zamani walichukua nne zenye wimbo, na zingine thelathini na sita wakaziweka mbali, na kuandika juu yake: mabaki, maneno, si muziki.

Walitengeneza mama zetu namna mutu anavyotengeneza samaki. Wakachukua nyama, kichwa wakatupa. Kwani mwanamuke wa Wamaza anaimba halafu anazimika kama redio? Si anaweka lungo chini, anasema, anacheka, anatukana kidogo, anauliza nani ana chumvi? Hayo maneno si ndiyo wimbo ulikotoka? Nikamwambia Neema: kesho ninataka mabaki.

Ilihitaji ruhusa, na ruhusa ilichukua wiki mbili. Kila siku nilikwenda na mutoto, nikakaa ku kiti kilicho mbele ya mulango wa yule bwana. Akitoka ninamusalimia. Akirudi ninamusalimia. Neema ananiambia: «Mama, unaniletea haya.» Ninamujibu: «Mimi nimekaa tu.» Siku ya kumi yule bwana alitoka na karatasi iliyotiwa sahihi, akanipa mwenyewe, na akamushika mutoto kidole. Si mutu mubaya. Ni sheria zake tu ndizo hazina mama.

Sasa sikiliza vizuri, juu hapa ndipo pananiuma.

Siku ya kuangalia, nilipika sufuria kubwa ya sombe ya majani ya muhogo na wali, nikawaita wote wa ile biro. Nilikuwa nimetangaza mu ngazi mpaka kwa musichana anayefagia: leo mutamuona Mwavita, muimbishaji wa Wamaza, mama yangu. Neema alikuwa amekwisha kuliandika jina ku fishi mupya, kwa krayo inayofutika, ili mama akitokea tu aliandike kwa bi, kalamu ya wino. Walikuwa watu tisa. Wakakaa na sahani zao. Neema akabonyeza.

Wimbo ukaisha pale dakika nne zilipokuwa zinakatika, na safari hii picha haikukatika. Muimbishaji akaweka lungo chini. Akajinyoosha. Akageuka.

Alikuwa mama yako.

Mama yako, Sifa, kijana, meno yote, mu kikwembe ya mama yangu. Na mama yangu alikuwa nyuma, ku mukono wa kuume, mudogo, amekaa mu kile kikwembe chake cha zamani cha kahawia chenye kiraka. Alikuwa pale tangu mwanzo. Nilimuangalia dakika nne mara ishirini na sikumuona, juu macho yangu ilikuwa imeshikwa na ndege za manjano, na hata sauti, ninayojua mama hakuwa nayo, nikaipa kikwembe.

Na wakaanza kusema. Nitakuandikia yote namna ilivyo.

Mama yangu: «Mama Sifa, hiyo kikwembe unirudishie leo-leo. Zawadi akikuja akaiona kwako, mimi nitajificha wapi?»

Mama yako: «Acha akasirike. Huyo mutoto wako ana kiburi mpaka mu kisigino.»

Mama yangu: «Kiburi anacho. Lakini kikwembe anajua kuchagua.»

Wale wengine wanacheka. Mama yako anakwenda, anamupangusa mama yangu pumba mu nywele, pole-pole, moja-moja, kama vile mutu anayetoa mawe mu mupunga. Na mama yangu anasema: «Rudia ule wa mwisho. Mimi sina sauti, wewe ndiye unayo. Nitakuitikia.»

Na wakaimba tena, na mama yangu akaitikia.

Nilikuwa na sufuria mu mapaja. Yule bwana akashika kalamu yake, akauliza Neema kitu. Neema akanigeukia.

«Anauliza wanasema nini. Na anauliza Mwavita ni nani kati yao.»

Nikuambie ukweli, niliona njia ya kutoroka. Mu ile nyumba hakuna aliyesikia Kiswahili cha kwetu isipokuwa mimi na mwanangu. Neema hamjui mama yako vizuri, alimuona mara mbili tu akiwa mutoto, kwa sababu yangu mimi. Ningesema: ndiye yule aliyegeuka. Nani Ubelgiji angenikatalia? Jina lilikwisha kuandikwa kwa krayo. Watu walikwisha kula sombe yangu.

Neema akaniuliza pole-pole: «Mama, nitafsiri?»

Nikasema: «Tafsiri yote.»

«Hata ile ya kisigino?»

«Hata ile ya kisigino. Andika na dakika yake.»

Basi iko pale, Sifa, mu maktaba ya universite, mutu wa nchi yoyote ataisoma: Zawadi ana kiburi. Mama yako alisema zamani, sasa imeandikwa fishi.

Nimekasirika, na sijui nimukasirikie nani kwanza. Wale waliokata ninawakasirikia bado. Lakini nawakasirikia na mama zetu. Mimi nilikua nikijua kwamba wanawake wawili wa baba hawasemezani. Nyumba ya juu ina njia yake ya mutoni, nyumba ya chini ina yake. Ni kweli wakati mumoja waligombana hivyo, niliona na macho yangu ya mutoto. Basi nikabeba ule ugomvi kwa ajili ya mama yangu, nikaenda nao Kasongo mu ndoa, nikautunza kama chombo cha mutu. Na kumbe wao walikwisha kuuweka chini. Walikuwa wanavalishana vikwembe nyuma yangu, na hawakunituma neno. Waliogopa nini? Waliniogopa mimi.

Unakumbuka kilio cha mama, siku tulipomuzika. Hatujakisema tangu siku ile, lakini unakumbuka. Mama yako alisimama, akaanza kuimbisha, na mimi mbele ya watu wote nikamwambia: kaa chini, huyu si wako. Akakaa. Alikunja kitambaa chake mikononi na akakaa hivyo mpaka tukazika. Nilirudi Kasongo nikijisifu kwamba nimemulinda mama yangu. Mama yangu, ambaye alikuwa anataka kusikia ule mwanamuke akiimba. «Mimi sina sauti, wewe ndiye unayo.» Nikamuzika bila ile sauti.

Siandiki zaidi juu ya hilo. Mama yako akitaka kuniambia kitu, aniambie, nitasikiliza bila kumukata.

Sasa kazi ninayokutuma. Yule bwana alipoelewa, akafuta mwenyewe krayo ya Neema, akaandika: Mwavita, mwitikiaji. Halafu akauliza jina la muimbishaji. Nikajibu haraka: Mama Sifa. Neema akasema: «Hilo ni jina la mutoto wake. Yeye mwenyewe anaitwa nani?»

Sikujua.

Wiki tatu nimepigia watu wa nchi kelele juu ya neno «hajulikani». Nimepepeta makaratasi ku kichwa ya mukubwa wa maktaba. Na mimi, niliyekula chakula cha huyo mama mara ngapi, sikuwahi kuuliza anaitwa nani. Neema akawaeleza kwamba kwetu mwanamuke akizaa, jina la mutoto linafunika lake, hakuna ubaya. Alinifunika mwanangu, namushukuru. Lakini jina la mama yangu nililijua, juu wajomba wa Lusangi walikuwa wakifika wanamwita Mwavita kwa sauti ya juu mpaka kuku zinakimbia. Mama yako naye alikuwa na ndugu zake waliokuwa wanafika. Sikuwahi kukaa nao.

Najua wewe unalijua jina. Usiniandikie wewe. Maktaba inataka litoke mu kinywa chake, juu yuko hai, na inataka akubali kwamba kanda ionekane. Mu hii bahasha kuna kadi ndogo ya simu. Ndani yake kuna dakika arobaini zote, Neema amezitia mwenyewe. Kuna na karatasi moja ya kutia kidole. Mwalimu mumoja wa Nyangwe anayerudi kwao atazifikisha mpaka Kasongo, na baba Neema atatafuta pikipiki ya kuaminika ya kuzipeleka Wamaza. Jibu lirudi na njia ile ile, mbele ya Pasaka. Ikichelewa, mama yangu atakuwa na jina na wako hatakuwa nalo, na hiyo sitaivumilia, hata wakinifukuza mu nchi yao.

Fanya hivi. Umuonyeshe kanda kwanza. Usimwambie ni mimi nimetuma. Aangalie mpaka mwisho, ajione na meno yake, acheke. Ndipo umuulize jina lake lote, lile alilopewa na baba yake, na lile la ubatizo kama liko. Ndipo umwambie ni Zawadi anayeuliza. Akikasirika, ana haki, lakini umuombe atie kidole hata akiwa amekasirika. Ile fishi si yangu. Na akitaka kuimba, shika simu, iache iandike. Wimbo ukiisha, usizime. Akisema, akikohoa, akinitukana, iache iandike. Neema amesema itaingia yote, safari hii hakuna mabaki.

Unisalimie baba Neema jibu likipita mikononi mwake, bwana wangu mwenye subira, na umwambie nimesikia anakula kwa majirani. Unisalimie shangazi Feza, muimbaji wetu wa kanisa ya Kasongo, umwambie huku kanisani wanaimba wamekaa. Unisalimie mujomba wa Lusangi, yule wa mwisho aliyebakia, umwambie sauti yake ya kuita Mwavita imesaidia. Unisalimie katekista anayewasomea wazee letre zao. Hii asimusomee mama yako, usome wewe.

Na ile kikwembe. Kama iko bado kwake, hata kama imebakia kipande cha kufungia chumvi, mwambie asiirudishe. Mwenye kuichagua amesema ni yake.

Mimi yaya wako,
Zawadi, mutoto wa Mwavita